Vioo Vitatu vya Kushoto

Nimechoka na magari mapya, na ninasema hivyo nikiwa mtu aliyekula, aliyejenga na aliyesomesha kwa sababu ya magari. Nina duka la spea Mabatini, hapa Mwanza, mlango mmoja, rafu mpaka darini, na nyuma ya kaunta ile nimekaa miaka mingi kuliko niliyokaa kwenye ndoa. Wanaume wanaingia, wananitazama, halafu wanauliza, "Mama, mwenye duka yupo?" Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi nawaambia ametoka, warudi kesho, na wengine kweli wanarudi kesho.

Mtu ananunua gari kwa picha ya kwenye simu. Gari hajaligusa, Wajapani wenyewe wamelitumia mpaka wakalichoka, linashushwa Dar es Salaam na kuendeshwa mpaka Mwanza, mji uliojengwa juu ya mawe. Bampa lake liko chini, maana huko lilikotoka barabara imenyooka kama meza. Linapanda kilima cha kwetu mara moja tu, na wiki hiyohiyo mwenyewe yuko kaunta na kipande cha plastiki mkononi, ananiuliza kama kinaungika. Hakiungiki. Na sura zake je? Taa zimekunja uso, mdomo umepanuka, utadhani gari limetoka kugombana na mtu. Gari la kumpeleka mtoto shule lina sababu gani ya kukasirika?

Jirani yangu wa duka la vitambaa analo moja. Kila asubuhi akiliwasha, sauti ya mwanamke inasema maneno ya Kijapani kwa upole na adabu. Jirani aliamini ni salamu, na kwa muda mrefu akawa anaitikia, "Ahsante, na wewe pia." Siku moja akaja mteja aliyewahi kusoma huko, akatueleza kwamba yule mama anasema kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Barabara ya kulipia, Mabatini! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu uchovu ukanipanda, nikawaza ni mangapi tunaambiwa na sisi tunaitikia tu.

Wala watu hawaulizi tena gari linakwendaje. Wanauliza herufi ya kwenye kibao cha namba. "Ni namba D au namba E?" Gari la namba E ni geni, kwa hiyo mwenyewe anasalimiwa kwanza hata kama amelinunua kwa mkopo na injini inavuja oili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, na hawakuwa wameona jinsi magari yanavyojitembeza siku hizi.

Nisisahau mashangingi ya wakubwa. Nimeyaona yamepangwa nje ya ukumbi wa semina tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, injini zinanguruma, madirisha yamefungwa, ili kiti cha mtu mmoja kisipate joto. Nimesimamishwa Nyakato kupisha msafara mpaka nikaacha kuhesabu magari. Sina ugomvi na chama chochote. Ugomvi wangu ni na dizeli inayochomwa hivi hivi, wakati mama mjamzito amekaa kwenye bajaji nyuma yangu anasubiri mkubwa apite. Lakini hata hasira hiyo sasa imechakaa. Nilikuwa naipandisha sauti. Siku hizi nazima injini na kusubiri kama wengine.

Mapenzi ya magari nilipewa na baba. Alikuwa dereva wa lori kwenye kiwanda kimoja cha Nyakato, na kaka zangu walipokimbilia mpira, mimi nilibaki naye kwenye uwanja wa kiwanda Jumapili baada ya kanisa. Alinifundishia kwenye pikapu yake mwenyewe, ileile aliyo nayo hadi leo. Hakuniruhusu kuiwasha kabla sijaizunguka kwa miguu na kuigusa pembe zote nne kwa mkono. "Dereva asiyejua pembe za gari lake ni mzigo kama mizigo mingine," alikuwa akisema. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na mtaani walimwambia anamharibu mtoto wa kike. Aliwajibu kwamba usukani haujui jinsia.

Pikapu ile kwangu ndiyo gari. Kioo cha mbele ni kipana, nguzo zake nyembamba, na ukikaa kwenye usukani unaiona boneti yote mpaka kwenye kona zake. Madirisha yanafunguliwa kwa kuzungusha mkono. Spana tatu zinatosha kuifungua karibu yote. Magari ya leo yana nguzo nene kama za nyumba, mtu mzima anapotelea nyuma ya nguzo, halafu wanakuuzia kamera ya kumtafuta. Gari zuri ni lile linalokuonyesha watu walio barabarani. Nimeusema ugomvi huu dukani kwangu mara nyingi mno, na vijana wananisikiliza kwa adabu, kisha wanauliza bei ya taa za bluu.

Mama alipofariki, baba alihamia moja kwa moja nyumbani kwetu, ng'ambo ya ziwa, Kamanga, upande wa Sengerema. Siku hizi kuna daraja, refu na zuri, maharusi wanakwenda kupigia picha pale, lakini kwa kijiji chetu kuzunguka darajani ni mbali. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi baba alivuka kwa kivuko na pikapu yake, akaniletea viazi na michembe ya viazi vilivyokaushwa, akakaa kwenye stuli yangu akanywa chai, akatoa maoni kuhusu kila gari linalopita, na mchana akarudi. Alikuwa na miaka sabini na nane. Jumamosi ndiyo siku niliyoisubiri.

Baada ya Pasaka alikuja kioo cha pembeni cha kushoto kimevunjika. Mkokoteni wa punda, alisema. Nikatoa kingine kwenye rafu, nikamfungia. Kiangazi kilipoanza, kioo kile nacho kikaja kimevunjika, na safari hii alilaumu bodaboda. Nani asiyeamini ubaya wa bodaboda? Nikafunga cha pili. Mwezi haujaisha akaingia dukani, akaweka masalia ya kioo juu ya kaunta, akaomba chai.

Nilitoka nje na bisibisi kufunga cha tatu. Nikiwa nimeinama pale ndipo nilipoutazama ubavu wa kushoto wa pikapu. Ulikuwa na mikwaruzo tangu taa ya mbele mpaka nyuma, na ndani ya mikwaruzo kulikuwa na rangi za watu: bluu ya geti, nyekundu ya pikipiki, nyeupe ya ukuta. Nikazunguka upande wa kulia. Ulikuwa safi. Nikakaza skrubu ya mwisho, nikarudi ndani, nikamwekea baba chai mezani upande wake wa kushoto. Alikaa. Akasubiri. Baadaye akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ile chai vipi?" Mvuke ulikuwa unapanda karibu na kiwiko chake.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho kwa kumwambia tunakwenda kupima miwani. Daktari alikuwa kijana. Aliniita pembeni akaniambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, upande wa kushoto umekwenda karibu wote, na dawa za matone ni za kulinda kilichobaki. "Asiendeshe gari tena, mama. Mwambie."

"Wewe hukumwambia?"

"Nimemwambia. Amenijibu kwamba mimi ni mjukuu wake, kwa hiyo namtania."

Hapo lazima nieleze jambo ambalo kwetu halina haja ya kuelezwa. Mtoto hamkosoi baba yake usoni. Jambo zito la kumwambia mzee hupitishwa kwa mjukuu, maana mjukuu na babu ni watani, na neno la mtani halina kosa. Baba alipogoma kuezeka upya nyumba, nilimtuma binti yangu. Alipokuwa anavuta tumbaku na kukohoa, nilimtuma binti yangu tena, naye akamtania mpaka akaiacha. Njia hiyo ilikuwa imenifaa maisha yangu yote, na sikuona kwa nini isinifae sasa. Binti alikuwa amerudi likizo kutoka chuoni. Nikamweleza kila kitu, nikamwambia Jumamosi ni kazi yake.

Alianza vizuri. Aliingia dukani akapiga goti, "Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba, mke wangu. Umenenepa, chuo kina chakula."

"Mimi nina kesi na wewe. Nasikia siku hizi wanawake wazuri wanapita kushoto kwako wala huwaoni."

"Wazuri wote wanapita mbele. Wa pembeni ni wambea."

"Basi naomba talaka. Sitaki mume asiyeona anayeendesha gari. Nipe na ufunguo wa pikapu, iwe haki yangu."

Baba alicheka mpaka akatoa leso kufuta machozi. "Talaka ya Kisukuma inarudisha ng'ombe," alisema. "Kawalete ng'ombe wangu wote kwanza, ndipo tuongee habari ya ufunguo." Wateja wawili waliokuwepo wakacheka, jirani wa vitambaa akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia. Saa nane mchana akawasha pikapu akaenda zake, bado anatabasamu. Binti yangu alinitazama akasema, "Mama, nimesema. Lakini sidhani kama amesikia."

Nilikuwa nimesahau upande wa pili wa desturi ile. Neno la mtani halimkasirishi mtu, na kwa hiyo halimfungi pia. Tumbaku na paa yalikuwa mambo ambayo baba mwenyewe alikwisha kuyakubali moyoni. Hili hakulikubali, na mimi nilikuwa nimempa njia ya kulicheka.

Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja tu, kumwambia mwenyewe. Sikukifanya. Badala yake nikaanza kumsindikiza. Jumamosi tatu mfululizo nilifunga duka mchana, nikapanda naye, nikakaa kushoto nikawa jicho lake. "Baba, baiskeli." "Naiona." Hakuiona. "Baba, kuna mama na mtoto." "Nimewaona muda mrefu." Kijijini nililala, Jumapili nikarudi kwa miguu na kivuko, Jumatatu nikafungua duka nikiwa mgonjwa wa uchovu, shingo imekakamaa kwa kuangalia upande mmoja. Niliwaambia watu ni umri. Ulikuwa woga, na woga unachosha kuliko kubeba injini. Yule mtu ndiye aliyeniweka kwenye usukani wakati dunia nzima ilisema nishuke. Ningemwambiaje yeye ashuke?

Jumamosi ya tatu tulifika kivukoni kumejaa. Sheria ya kivuko ni kwamba abiria wote wanashuka kwenye magari na kuingia kwa miguu, dereva peke yake ndiye anayeingia na gari. Jumamosi mbili zilizotangulia watu walikuwa wachache, nikatembea kushoto kwa pikapu kama askari. Safari hii umati ulinisukuma nyuma. Niliiona pikapu inashuka taratibu kuelekea mlango wa kivuko, na nikamwona mwanamke mwenye beseni la dagaa kichwani akiipita kwa kushoto, akiamini, kama mtu yeyote anavyoamini, kwamba dereva anamwona.

Niliwasukuma watu, nikaupiga ubavu wa gari kwa viganja vyote viwili. "Baba, simama! Simama!"

Kona ya bampa ilikuwa imekwisha kumgusa. Beseni likaruka, dagaa wote wakamwagika, mama yule akaanguka kwa magoti. Gari lilisimama tairi likiwa limekanyaga pindo la khanga yake. Watu wakapiga kelele. Nilipofika dirishani, baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote, anatazama mbele kabisa, ambako hakukuwa na kitu.

"Nimegonga nini?" aliniuliza.

Hakusema nani.

Tulirudisha gari kidogo, mama akavuta khanga yake, akasimama. Goti lilikuwa linatoka damu. Watu walimsaidia kuzoa dagaa waliozoleka. Nilimpa pole, nikamfunga goti kwa kitambaa changu cha kichwa, nikamfidia dagaa wake. Alivipokea vyote bila kunitukana, na ningependa angenitukana. Alimtazama baba kupitia kioo, kisha akaniuliza, "Huyu ni baba yako?"

"Ni baba yangu."

"Na mnajua haoni?"

Niliinama kuokota dagaa waliobaki. "Kumbe mnajua," alisema, akajitwisha beseni lake, akachechemea kuingia kivukoni.

Kivuko kilipoondoka nilipanda nikakaa na baba ndani ya pikapu. Injini ilikuwa imezimwa. Maji yalikuwa yametulia, na nje watu walikuwa wanatuangalia kisha wanaangalia pembeni. Alikuwa anaufuta usukani kwa leso, taratibu, sehemu ileile.

"Baba."

"Naam."

"Usiendeshe tena. Jicho lako la kushoto limekwisha. Daktari alisema, na mimi nilijua kabla ya daktari. Nilijua nilipofunga kioo cha tatu."

Aliendelea kufuta. Nilidhani atanigombeza, na kweli nilitamani anigombeze.

"Mwanao aliniambia," alisema. "Nilicheka. Nilipofika nyumbani nikajiuliza, huyu mtoto anatania au ametumwa? Nikasema, lingekuwa la kweli, mama yake angeniambia. Mama yake anayajua magari. Angekuwa anajua sioni, asingenifungia kioo kingine."

"Niliogopa, baba."

"Uliniogopa mimi?"

"Ndiyo."

Alikunja leso akaiweka mfukoni. "Mimi pia nilikuogopa. Kila Jumamosi nikifika dukani nasema leo atasema. Naondoka hujasema, namshukuru Mungu. Halafu barabarani natetemeka. Siku hizi nafuata mgongo wa gari lililo mbele, mwanangu. Likisimama, nasimama. Lisipokuwepo gari mbele, namwachia Mungu."

Nilifikiria barabara yote kutoka kivukoni hadi nyumbani, watoto wanaochota maji, mbuzi, baiskeli zilizobeba mkaa, na baba anapita katikati yao huku anaomba, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa sababu mimi nilikuwa na rafu iliyojaa vioo na sikuwa na sentensi moja. Nililia pale pale mbele ya watu. Yeye alinipigapiga begani kwa mkono wa kushoto, akanikosa mara ya kwanza, akanipata mara ya pili.

Kivuko kilipunguza mwendo. Kijana wa kivuko akapita kati ya magari akipiga mabati kwa kiganja, akiita kama anavyoita kila siku: "Abiria wote washuke! Kwenye gari abaki dereva tu! Abiria chini!"

Nikashika kitasa cha mlango wangu, kwa mazoea. Kabla sijakivuta, nikasikia mlango wa kulia ukifunguliwa. Baba alitoa mguu mmoja, akautafuta chini, kisha wa pili. Alivaa kofia yake. Hakunitazama. Ufunguo aliuacha mahali pake.

Nilisogea kwenye usukani. Mlango wa kivuko ukashushwa, na abiria wakaanza kutoka, wanawake wa mabeseni, wenye baiskeli, wenye watoto mgongoni, na baba kati yao, mkono mmoja umeshika bomba la pembeni. Watu walimpita kushoto wakimgusa, na kila alipoguswa alishtuka. Kwa miaka yote aliyovuka ziwa lile, hakuwahi kupanda mteremko ule kwa miguu.

Gari la nyuma yangu likapiga honi, ni zamu yangu kutoka. Likapiga tena, kwa hasira, na la nyuma yake likaitikia. Niliweka gia huru, nikakanyaga breki, nikakaa hapo mpaka alipofika juu.